Sura ya Sita: Historia, Simu na Ushahidi Mkononi mwa Mwanafunzi

Tangu simu janja zilipoenea, wazazi na walimu wamekuwa wakiuliza swali moja: ikiwa mtoto anaweza kuandika maneno mawili kwenye simu akapata mwaka wa Vita vya Maji Maji, majina ya viongozi wake na sababu za kushindwa kwao, mwalimu wa historia amebakiwa na kazi gani? Swali hilo lina pacha wake, ambalo huulizwa na wazazi wenye hofu, nalo ni kama vifaa hivi vitamfanya mtoto alipende somo au vitamzoesha kunakili majibu asiyoyaelewa. Maswali yote mawili yamesimama juu ya dhana moja, kwamba historia ni ghala la majibu, na kwamba anayelifikia ghala hilo upesi ndiye anayeijua. Dhana hiyo ndiyo iliyolifanya somo lichukiwe na vizazi vya wanafunzi waliokariri tarehe usiku wa kuamkia mtihani na kuzisahau kabla ya matokeo kutoka. Historia ni kazi ya kuuliza inajulikanaje kwamba jambo fulani lilitokea, na teknolojia hulisaidia somo pale inapomwekea mwanafunzi ushahidi mkononi ili aulize mwenyewe.

## Redio ilitangulia

Neno teknolojia katika elimu limezoeleka kumaanisha kompyuta na intaneti, na nyaraka za serikali hutumia kifupisho TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Hata hivyo, habari na mawasiliano havikuanza na kompyuta. Mwaka 1971, Tanzania Bara ilipokuwa ikitimiza miaka 10 ya uhuru, iliendeshwa kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Wakati wa Furaha, ambayo ilifundisha historia ya nchi kwa njia ya redio. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, kisha kiongozi wa kikundi, aliyekuwa na kijitabu mkononi, akaongoza mjadala. Mbinu hiyo hiyo ndiyo iliyoibeba kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, ambayo iliwafikia watu wapatao milioni 2.

Jambo la kuzingatia hapa ni kile kilichofuata baada ya kipindi kwisha. Redio ilizimwa, na hapo ndipo somo lenyewe lilipoanza, kwa sababu wanakikundi walibaki na jambo la kujadili, mtu wa kuwaongoza na uzoefu wao wenyewe wa kulinganisha na yale waliyoyasikia. Sehemu hiyo ndiyo inayosahauliwa pale shule inaponunua projekta, yaani mashine ya kumulika picha ukutani, halafu mwalimu akaitumia kuonyesha notsi zilezile alizokuwa akiziandika ubaoni kwa chaki. Mwanafunzi ananakili kama alivyonakili mwaka jana, tofauti ikiwa ni kwamba sasa ubao unatumia umeme. Fedha iliyotumika kwa namna hiyo ingefaa zaidi kununulia vitabu.

## Sarafu isiyo na tarehe

Ili kuona tofauti, ni vyema kuchukua mada ambayo kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki huipitia: kukua kwa miji ya pwani. Kwa kawaida mada hii hufundishwa kama orodha ya miji na bidhaa, dhahabu na pembe za ndovu zikitoka, nguo na vyombo vya kauri vikiingia. Somo hilohilo hubadilika mwalimu anapokuja darasani na picha moja kubwa ya sarafu ya shaba kutoka Kilwa, aliyoipakua kutoka mkusanyo wa jumba la makumbusho uliowekwa wazi mtandaoni, kama ule wa British Museum.

Sarafu hizi ni ndogo, na mtu akizishika bila kuzikuza haoni zaidi ya mikwaruzo. Picha ikikuzwa, maandishi ya Kiarabu hujitokeza. Upande mmoja una jina la sultani, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na wanafunzi wanaojua kusoma Kiarabu, ambao katika madarasa ya pwani hawakosekani, hugundua jambo ambalo vitabu vingi vya kiada havilitaji: maneno ya pande hizo mbili yana vina. Fedha ya sokoni ilikuwa na vina vya ushairi. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa macho yake haambiwi tena kwamba Kilwa ilikuwa na ustaarabu; amekwisha kuuona.

Kisha huja swali gumu. Sarafu hizi hazina tarehe, basi inajulikanaje kwamba sultani anayetajwa alitawala wakati gani? Hapa mwalimu huleta ushahidi wa pili, ambao ni habari za msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kumtaja mtawala aliyemkuta, Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Sarafu inatoa jina bila mwaka, msafiri anatoa jina pamoja na wakati, na wanafunzi wakiviweka vitu hivyo viwili bega kwa bega wanafanya kazi ileile anayoifanya mwanahistoria. Kwa darasa lenye hamu zaidi kuna fumbo la tatu: mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa zilipatikana katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, umbali wa kilomita zipatazo 10,000 kutoka Kilwa. Zilifikaje huko? Hakuna jibu lililothibitishwa, na ni vizuri mwanafunzi akutane mapema na swali la aina hiyo, kwa kuwa mitihani humzoesha kuamini kwamba kila swali lina jibu lake katika ukurasa fulani.

Ushahidi wa namna hii huitwa chanzo cha awali, maana yake kitu kilichotoka katika wakati unaochunguzwa au kwa mtu aliyeshuhudia, kama vile barua, sarafu, picha, mkataba au masimulizi. Kitabu cha kiada ni chanzo cha pili, kwa sababu mwandishi wake amevisoma vya awali na kuvifupisha. Kabla ya intaneti, vyanzo vya awali vya historia ya Afrika Mashariki vilikuwa vimefungiwa katika makabati ya London, Berlin, Lisbon na Zanzibar, na mwalimu wa Liwale au Kitui hakuwa na njia ya kuvifikia. Leo sehemu ya hazina hiyo imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni: miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, nyaraka za utawala wa Kijerumani, na maelfu ya picha za zamani za Afrika Mashariki zilizokusanywa na Winterton na kuhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Mageuzi makubwa yaliyoletwa na teknolojia katika somo hili ni hayo ya kufunguliwa kwa makabati, na yanayapita kwa mbali michezo ya kompyuta na video za katuni ambazo wauzaji wa vifaa hupenda kuzisifu.

## Fuvu ndani ya mkataba wa amani

Mfano wa pili unahusu chanzo cha maandishi. Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919 baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hufundishwa shuleni kama jambo la Ulaya: mipaka ya Ujerumani, fidia, jeshi kupunguzwa. Mkataba mzima unapatikana bure mtandaoni, na mwalimu akiwaelekeza wanafunzi kwenye kifungu cha 246, watakuta kwamba Ujerumani inaagizwa kuikabidhi serikali ya Uingereza, ndani ya miezi sita, fuvu la Sultani Mkwawa. Kifungu hichohicho kinaagiza pia kurudishwa kwa Qur'ani ya Khalifa Othman kwa Mfalme wa Hijaz.

Mwanafunzi wa Iringa anayeisoma sentensi hiyo hawezi kubaki kimya. Mtawala wa Wahehe, aliyewapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891 na kujiua mwaka 1898 ili asikamatwe, anafanya nini katika mkataba wa amani wa mataifa makubwa? Nani aliyeomba jina lake liandikwe, na kwa faida ya nani? Miezi sita ilipita, ikapita miaka, na fuvu halikurudi hadi mwaka 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Hata wakati huo lilichaguliwa miongoni mwa mafuvu yaliyokuwa katika jumba la makumbusho la Bremen, kwa kulinganisha vipimo vya vichwa vya jamaa zake na kwa kuangalia tundu la risasi. Hapa darasa linaweza kugawanywa katika makundi, kundi moja lipime uzito wa ushahidi huo, jingine liandike kile ambacho serikali ya kikoloni ilinufaika nacho kwa kulirudisha fuvu katika miaka ile ya 1950, na jingine litembelee makumbusho ya Kalenga, kama shule iko karibu, likaulize namna tukio hilo linavyokumbukwa pale pale. Kazi yote hiyo imetokana na sentensi moja iliyosomwa kwenye skrini ya simu.

Kwa ufupi, somo zuri la namna hii lina mambo matatu: chanzo kimoja kinachoonekana vizuri, swali ambalo chanzo hicho kinalichokoza bila kulimaliza, na chanzo cha pili cha kulinganisha. Kifaa ni njia ya kuvifikia tu.

## Ramani inayopimika

Ramani ya misafara ya karne ya 19 katika vitabu vya kiada ni mstari mwekundu kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Mstari hauchoki wala hauoni kiu. Programu za ramani za setilaiti, yaani picha zilizopigwa kutoka angani, kama vile Google Earth, humwezesha mwanafunzi kuufuata mstari huo juu ya ardhi yenyewe, akapima umbali, akaona vilima na akahesabu mito. Njia hiyo ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 1,200. Pagazi, yaani mchukuzi wa mizigo, ambaye mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, alibeba karibu frasila mbili, sawa na kilo 32 hivi. Darasa likikadiria mwendo wa kilomita 15 kwa siku, linapata siku 80 za kutembea bila kuhesabu siku za kupumzika, kuugua au kusubiri mvua ipite. Mwalimu anaweza kuleta ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, na kila mwanafunzi aizungushe uwanjani mara moja, akijua kwamba mzigo wa pagazi uliizidi ndoo hiyo kwa zaidi ya nusu.

Faida kubwa zaidi hujitokeza msafara unapofika baada ya Mpwapwa. Picha za setilaiti zinaonyesha nchi ikigeuka rangi ya kahawia: ni Marenga Mkali na mbuga za Ugogo, mahali penye uhaba wa maji ambapo wasafiri walipaona kuwa sehemu ngumu kuliko zote. Hapo ndipo watawala wa Kigogo walipotoza hongo, na mwanafunzi wa leo, anayelijua neno hilo kwa maana ya rushwa, hushangaa kuambiwa kwamba zamani lilikuwa ushuru wa kupita uliofahamika njia nzima. Akiiangalia ramani anaelewa sababu bila kuelezwa: mwenye kisima katika nchi kavu ana haki ya kumdai anayekunywa. Uchumi, jiografia na historia ya neno moja vimekutana mahali pamoja. Akiongeza juu ya ramani hiyo mstari wa Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ataona jinsi reli ilivyokwenda sambamba na nyayo za mapagazi kwa sehemu kubwa ya safari.

Historia, jiografia na uraia, yaani maarifa ya jamii, vina nafasi kama hiyo katika takwimu. Vishikwambi, yaani kompyuta bapa za kushika mkononi, vilivyotumika kuhesabu watu katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu wa Tanzania, na matokeo ya sensa yenyewe yanaweza kusomwa humo humo. Mwaka 1967 nchi ilikuwa na watu karibu milioni 12.3, mwaka 2022 ilikuwa na watu 61,741,120, yaani mara tano. Mwanafunzi akitafuta idadi ya watu wa wilaya yake, kisha akahesabu madarasa na zahanati anazozijua, anajifunza uraia kwa njia inayomgusa kuliko ufafanuzi wowote wa kukariri.

## Sauti za wazee

Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo kikuu kilichokuwa kikichipukia Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wakawahoji wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ilikuwa imepita miaka 60 na zaidi, na waliokuwa vijana wakati wa vita walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Bila kazi ile, vita hivyo vingejulikana zaidi kwa kalamu za maofisa wa Kijerumani waliovizima.

Hali ya sasa inafanana na ile kwa namna inayopaswa kumtia mwalimu haraka. Mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970, au aliyepigana Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sasa amepita miaka 65, na wengi wamepita 70. Kifaa cha kurekodia, ambacho mwaka 1968 kilikuwa adimu na kizito, sasa kimo ndani ya kila simu ya mwalimu. Kilichobaki ni kujua kuuliza. Mwanafunzi anayeanza kwa kusema, "Bibi, Operesheni Vijiji ilikuwa nzuri au mbaya?" atapata jibu la neno moja, na mara nyingi litakuwa lile ambalo bibi anadhani shule inataka kulisikia. Akiamkia shikamoo, akakaa, kisha akauliza, "Bibi, siku ile mlipohama mlibeba nini, na kitu gani mlikiacha?" bibi ataanza na mtungi, atafika kwenye mwembe, na kabla ya nusu saa kupita atakuwa amesimulia siasa ya nchi nzima kutoka kizingitini mwa nyumba yake.

Kabla ya kurekodi, wanafunzi wakubaliane juu ya mambo haya:

- Mzee aelezwe kwanza kwamba sauti yake itahifadhiwa na nani ataisikiliza, na akubali kwa hiari. Akikataa, aandikwe kwa kalamu tu, au asiandikwe kabisa.
- Kila rekodi ianze kwa kutaja tarehe, mahali na jina la mhojaji.
- Tukio moja liulizwe kwa wazee wasiopungua wawili, kwa sababu kumbukumbu nayo hupimwa kama chanzo kingine chochote.
- Rekodi isirushwe katika makundi ya WhatsApp. Maneno ya mzee yakikatwa sekunde 30 na kusambazwa yanaweza kuzusha ugomvi wa shamba uliolala miaka 40.

## Programu inayojibu kila kitu

Akili mnemba ni jina la programu za kompyuta zinazofanya kazi ambazo huonekana kuhitaji akili ya mtu, zikiwemo zile zinazojibu maswali kwa sentensi zilizonyooka. Programu hizi zimelishwa maandishi mengi mno hadi zikajifunza neno lipi huelekea kufuata lipi. Kwa hiyo zina nguvu mahali ambapo maandishi ni mengi, na zinadhoofika kadiri swali linavyosogea kwenye mambo yasiyoandikwa sana, kama historia ya kata moja ya Njombe au ukoo mmoja wa Pemba. Tatizo ni kwamba sauti yao haibadiliki. Programu humtaja chifu asiyewahi kuwepo kwa utulivu uleule inaoutumia kumtaja Mwalimu Nyerere, na mwanafunzi hana alama ya kumwonya.

Kuzipiga marufuku hakutasaidia, kwa kuwa mtoto atazikuta nje ya geti la shule. Lililo bora ni kuzifanya mada ya somo. Darasa linaiuliza programu kuhusu jambo la eneo lake, linaandika jibu ubaoni, kisha linaiweka kila sentensi katika moja ya safu tatu: iliyothibitishwa na chanzo kingine, iliyokanushwa, na ambayo haijathibitishwa wala kukanushwa. Kuhusu namna ya kuthibitisha, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waligundua kwamba wahakiki wa habari waliobobea hawakai katika ukurasa wasioujua wakiukagua uzuri wake; huutoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini juu ya mwenye ukurasa huo. Wanahistoria wenye shahada za uzamivu walioshindanishwa nao walidanganywa mara nyingi, kwa sababu walisoma kwa makini ukurasa uleule mmoja. Mbinu hiyo ya wahakiki ni kusoma kwa kuzunguka, na mtoto wa darasa la saba anaweza kufundishwa.

## Shule yenye simu moja

Shule nyingi za Tanzania na Kenya haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, nyingine hazina umeme wa uhakika, na bando la intaneti hutoka mfukoni mwa mwalimu. Hakuna lolote lililoelezwa katika sura hii linalohitaji zaidi ya simu moja. Mwalimu hupakua picha akiwa mjini au mahali penye mtandao, huzihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu, na darasani huipitisha simu katika makundi ya watano watano huku makundi mengine yakifanya kazi ya kuandika. Picha ya sarafu ikichapishwa mara moja kwenye karatasi ngumu hutumika miaka kumi. Fedha za shule zikipatikana, spika ndogo ya kuchaji kwa jua itafaa kuliko projekta, kwa kuwa sauti za wazee zinahitaji kusikika hadi dawati la nyuma.

Rekodi hizo zipewe majina yanayosomeka, yenye mwaka, kijiji na mada, na zinakiliwe mara tatu: kwenye kompyuta ya shule, kwenye kadi inayofungiwa kabatini, na kwenye simu ya mmoja wa jamaa za mzee. Kidato kipya kinapoingia Januari, kazi yake ya kwanza katika somo la historia inaweza kuwa kuketi na kuzisikiliza, kila mwanafunzi akiandika swali moja ambalo kidato kilichotangulia hakikumuuliza mzee yule, kisha jioni, ikiwa mzee angali hai, wawili au watatu watumwe nyumbani kwake wakamuulize.